Wafuasi 38,000, lakini Korogwe haionekani

Wiki hii nina barua tatu, zote kutoka mkoa wetu wa Tanga na zote za watu wanaoendesha kurasa au makundi ya habari mitandaoni. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu. Inanigusa, kwa sababu njia anayopita kijana huyu nimeipita mwenyewe tangu nilipoacha kuandikia magazeti ya Dar kama korespondenti wa kulipwa kwa stori.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi Korogwe mjini. Mwaka 2021 nilimaliza stashahada ya uandishi wa habari, nikakaa nyumbani bila kazi, ndipo nikafungua ukurasa wa habari Facebook na baadaye Instagram. Nilianza na simu yenye kioo kilichopasuka. Leo nina wafuasi 38,000. Mwanzo walikuwa wanaongezeka hata 200 kwa siku, lakini tangu mwaka jana wamegota. Posti zangu nyingi hazifikishi hata maoni kumi. Fedha sioni, ukiacha matangazo mawili matatu ya marafiki. Rafiki mmoja anasema ninunue wafuasi, mwingine anasema udaku wa wasanii ndio unaovuta. Leseni sina, naogopa gharama. Nifanyeje ukurasa ukue?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya kukujibu niliufungua ukurasa wako nikakaa nao jioni nzima, nikahesabu posti zako 60 za mwisho. Kati ya hizo, 26 ni za wasanii na wanasiasa wa Dar es Salaam, umezichukua kwenye kurasa za watu na nembo zao umezifunika kwa kibandiko. Nyingine 13 ni Simba na Yanga. Nyingine 7 ni maneno ya kutia moyo na heri za kuzaliwa. Za Korogwe ni 14.

Sasa tazama nilichokiona. Posti iliyopata maoni mengi kuliko zote, maoni 312, ni picha uliyoipiga alfajiri karibu na soko la Manundu: mama ameinamisha ndoo tupu, na chini yake umeandika mistari miwili tu, kwamba maji hayajatoka siku ya nne na ndoo ya kununua imefika shilingi 500. Watu wakajibu wenyewe. Mtonga hali hiyo hiyo. Kilole yalitoka usiku wa saa nane yakakatika kabla ya adhana. Mtu wa Old Korogwe akaeleza mahali penye kisima na bei yake. Mwanangu, siku ile ulikuwa na waandishi 312 wa bure, kila mmoja yuko mtaani kwake, na kesho yake ukawaacha ukarudi kwa wasanii.

Hebu tuwaangalie waliokua. Issa Michuzi alipoanza blogu yake mwaka 2005 alikuwa mpiga picha wa gazeti la serikali, anafika kwenye shughuli ambazo wengi wetu tulizisikia tu redioni. JamiiForums, iliyoanza mwaka 2006 kwa jina la Jambo Forums, ilikua kwa sababu watu walipata pa kusemea yale ambayo kwingine wasingeyasema. Millard Ayo alitoka na sauti ambayo wasikilizaji wa Clouds FM walishaizoea kwenye kipindi cha Amplifaya. Kila mmoja alianza na kitu alichonacho yeye, wenzake hawana. Msanii wa Dar ana kurasa elfu za kumsema. Asubuhi ya soko la Manundu haina mwingine wa kuiandika ila wewe.

Desemba 2019, treni ya abiria iliporudi kwenye njia ya Moshi baada ya miaka mingi, nilipanda gari kutoka Tanga mjini hadi Korogwe kwenda kuipiga picha. Niliandika kapsheni ndefu, nikaweka na maneno ya viongozi, nikajiona nimefanya kazi kubwa. Usiku nikasoma maoni. Hakuna aliyeuliza kiongozi kasema nini. Waliuliza: Mombo inasimama? Inapita saa ngapi? Mzigo wa maharage unalipiwaje? Mzee mmoja aliuliza kama behewa la daraja la tatu lina choo, maana ana kisukari. Sikuwa na jibu hata moja. Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwenye dirisha la tiketi na sikuuliza. Tangu siku ile, kabla sijaondoka mahali popote, huwa najiuliza: bibi aliyeko nyumbani angetaka kujua nini hapa? Na ninakiuliza.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: kwa miezi mitatu usiweke kitu chochote ambacho hakikutokea Korogwe au hakiwahusu watu wa Korogwe. Wafuasi watapungua. Waache wapungue. Tafuta mtu mmoja kila kata, awe bodaboda, muuza duka la dawa, mwalimu, mama wa genge la kona. Mnunulie bando la wiki, mpe heshima ya kumtaja akikubali, na mfundishe mambo manne tu: nani, wapi, lini, umejuaje. Hili la nne ndilo kubwa. Mtindo huu si mgeni kwetu. Gazeti la Kiongozi, lililochapwa hapa hapa Tanga kuanzia mwaka 1904 hadi 1916, lilijaa habari za walimu na makarani waliokuwa wametawanyika pwani na bara, kila mmoja akiandika ya mahali pake: mvua, njaa, simba aliyeingia kijijini. Ndiyo kazi ninayokuomba uifanye Korogwe.

La pili nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu liliniumiza.

Usiku mmoja mwaka 2019 gari la abiria lilipinduka nje kidogo ya mji. Mtu niliyemwamini akanitumia picha na jina la dereva, akasema amefariki. Ukurasa mwingine ulikuwa tayari umeshatoa habari ya ajali, nikaona nimeachwa. Nikaandika kwamba dereva amefariki papo hapo, nikaweka na jina. Baada ya dakika arobaini simu ikaita. Alikuwa mwanamke, na hakusalimia. Akasema, "Wewe ndiye mwenye ukurasa? Mimi mkewe. Niko naye wodini, anakunywa uji. Mama yake kijijini amezimia kwa hicho ulichoandika." Nyuma ya sauti yake nilisikia kijiko kikigonga kikombe. Mpaka leo sauti ya kijiko kile ninayo masikioni.

Nilifuta posti haraka haraka, kwa aibu, bila kuandika neno. Hilo likawa kosa la pili, na lilizidi la kwanza. Picha ya posti yangu ilikuwa imeshaingia kwenye makundi ya WhatsApp, nembo yangu iko juu yake, na sasa hapakuwa na mahali popote mtu angefungua akaona kwamba si kweli. Asubuhi watu wakawa njiani na khanga zao wanakwenda msibani. Ilinibidi nifunge safari hadi kwa yule mama, nikakaa chini mkekani mbele ya majirani, nikamwomba radhi. Alinipokea kwa maji ya kunywa. Niliporudi nikaandika SAHIHISHO kwa herufi kubwa: niliandika nini, ukweli ni upi, nilikosea wapi. Nikalibandika juu kabisa ya ukurasa kwa siku saba.

Wafuasi kama 400 waliondoka wiki ile, na maneno niliyotukanwa siwezi kuyaandika hapa. Lakini kabla ya mwaka kwisha kikaanza kitu ambacho sikuwahi kukiona. Habari inasambaa mjini, na watu wananipigia kabla hawajaiamini: "Dada, hii ya leo ni kweli?" Wanapiga wauza samaki wa Deep Sea, wanapiga makondakta wa stendi ya Kange, alinipigia hata ofisa mmoja wa serikali kuuliza habari ya ofisi yake mwenyewe. Ukurasa wangu ulianza kukua hapo, si siku nilipofikisha idadi fulani ya wafuasi. Ukitaka kupima ukurasa wako, hesabu simu za namna hiyo kwa wiki.

Tangu wakati ule habari ya kifo siitoi mpaka niisikie kwa watu wawili, na mmoja wao awe ndugu wa marehemu, daktari au polisi. Mara nyingi kurasa nyingine hunitangulia kwa saa nzima. Sijali tena.

La tatu, mwanangu, ukurasa ulioujenga si wako. Ni chumba cha kupanga, na mwenye nyumba yuko mbali. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza posti za ndugu na marafiki kuliko za kurasa. Posti zangu zilizokuwa zinafika watu 9,000 zikaanza kufika 1,500, na mimi sijabadilisha chochote. Kanada, tangu Agosti 2023, Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, imeziondoa kabisa habari za vyombo vya habari kwenye Facebook na Instagram kwa sababu ya mvutano wake na sheria ya huko kuhusu malipo. Hapa kwetu X ilifungwa Mei 2025, na siku ya uchaguzi, Oktoba 29 mwaka huo huo, intaneti ikazimwa. Kurasa zetu sote, kubwa na ndogo, zikawa ukuta mtupu.

Kwa hiyo anza leo kutengeneza njia yako ya kuwafikia wasomaji. Orodha ya kutumia watu wengi ujumbe mmoja kwenye WhatsApp inabeba watu 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Kundi linabeba 1,024, lakini humo utashinda ukizuia ugomvi na matangazo ya mikopo. Chaneli, zilizokuja mwaka 2023, hazina mpaka huo, na mfuasi haoni namba ya mwenzake. Kwa mji kama Korogwe ningechagua chaneli. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla watu hawajatoka, weka mistari sita: maji, umeme, barabara, bei za sokoni, misiba, na jambo moja kutoka halmashauri. Usizidishe. Aliye kwenye daladala asome amalize kabla ya kituo kinachofuata. Afrika Kusini wako wanaotoa gazeti zima kwa njia hii: The Continent lilianza Aprili 2020 kwa ajili ya kusomwa na kupitishwa ndani ya WhatsApp, mtu kwa mtu. Wewe mistari sita inakutosha kuanzia.

Namba za simu watakazokupa wasomaji zitunze kama amana. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwapo, mtu aliyekupa namba yake ili apate habari za maji hakukupa ruhusa ya kumpelekea mgombea wala muuza dawa za nguvu.

Kuhusu leseni, usiogope kwa kusikia. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotoka mwaka 2018 ada ilikuwa shilingi 1,000,000, mbali na 100,000 ya maombi, na nakumbuka wenzangu waliofunga blogu zao walizozilea kwa miaka. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliishusha hadi 500,000. Bado ni fedha nyingi kwa kijana wa Korogwe, nami nasema wazi kwamba kwa ukurasa wa mji mmoja ingefaa ishuke zaidi. Lakini kuendesha ukurasa wa habari wenye wafuasi 38,000 bila leseni ni kumpa kila mtu utakayemwandika kamba ya kukufungia. Stashahada unayo tayari, nayo itakusaidia kwenye ithibati ya uandishi. Waandikie TCRA, mamlaka ya mawasiliano inayotoa leseni, na Bodi ya Ithibati, uombe viwango na masharti ya sasa kwa maandishi, usitegemee wanachosema wenzako kijiweni.

Fedha. YouTube inataka uwe na watu 1,000 waliojiunga na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ndipo ikugawie mapato ya matangazo, na ukifika hapo kwa habari za mji mdogo usitegemee kujenga nyumba. Fedha yangu mimi ilitoka mitaani. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwenye mashine ya kukoboa, shule ya awali, fundi wa simu. Niliwaendea kwa miguu na daftari. Nilianza na shilingi 15,000 kwa tangazo la wiki, nikamwambia kila mmoja: jaribu wiki mbili, usipopata mteja hata mmoja sirudi. Katika kumi wa kwanza, sita walilipa tena. Juu ya kila tangazo andika TANGAZO, wala usilivike nguo za habari. Kuwa na TIN, toa risiti. Na mwenye duka akikuambia usiandike habari ya mkwewe kwa sababu anakulipa, mrudishie chenji yake mwachane kwa amani.

Kununua wafuasi, acha kabisa. Wafuasi wa kununua hawana maji ya kukatika.

SWALI: Shikamoo dada. Ninaendesha kundi la habari la WhatsApp hapa Pangani, tuko watu 700. Mwezi uliopita kijana mmoja alizama. Mwanakundi akatuma picha za mwili ulipotolewa majini. Niliziondoa baada ya saa moja, watu wakanijia juu kwamba naficha habari. Nilikosea?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hukukosea kuziondoa, ulichelewa. Najua ulikuwa na shughuli zako, lakini saa moja katika kundi la watu 700 ni muda wa kutosha picha kufika Unguja.

Nikuulize: katika wale 700, wangapi ni jamaa wa kijana yule? Pangani ni mji wa watu wanaojuana, huenda shangazi yake yumo. Habari kwamba mtu amezama ni haki ya kila mtu, ili wengine wajihadhari na maji ya eneo lile. Taja mahali, taja hali ya maji siku ile, eleza kama palikuwa na alama ya kuwaonya watu, na jina liandike baada ya familia kujua. Uso wa maiti hauongezi hata herufi moja kwenye hayo.

Fanya mambo mawili. Weka kundi lako katika hali ya admini pekee kutuma, na nyote wenye uadmini muwe angalau watatu ili zamu isikatike usiku. Halafu andika sheria moja ya kundi, isomeke na kila anayejiunga: picha za maiti na za watoto waliodhuriwa hazipiti. Anayetaka kuondoka kwa sababu hiyo, aondoke. Na kama hujaenda kuwapa pole wale wafiwa, nenda wiki hii. Usipeleke simu.

SWALI: Mama, niko Lushoto, nina ukurasa wa Facebook wa habari za milimani. Kiongozi mmoja wa huku alinitumia shilingi 50,000 kwenye simu bila mimi kuomba, akasema ni ya vocha. Siku mbili baadaye akanitumia stori ya kumsifia kwamba amechimba kisima. Sijairusha, fedha sijaitumia. Naona vigumu kurudisha, ni mtu mzima na ni jirani yetu.

JIBU: Umefanya vizuri kusubiri. Ile haikuwa vocha, ilikuwa bahasha, na wewe umeshaliona hilo ndiyo maana ukaandika.

Irudishe leo. Mpigie kwanza, umwamkie kama unavyomwamkia siku zote, umwambie: mzee wangu, nashukuru kwa kunikumbuka, lakini kazi yangu hainiruhusu kupokea kwa mtu ninayemwandika. Usimhubirie. Akikasirika, nyamaza. Ile stori yake isome kama stori nyingine: kama amechimba kisima kweli, nenda kakione, uwaulize wanaochota, ukipige picha, uandike hata ile sehemu asiyoitaka. Kama hakuna kisima, hakuna stori.

Fedha uirudishe kwa simu, kwenye namba ile ile iliyotuma, kiasi kile kile, na makato ya kutuma ulipe wewe. Ujumbe wa muamala usiufute.